Kufagia: Tazama Pia Kupiga Deki

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki. Kilo tisini na moja. Muuguzi aliandika, akapigia mstari mara mbili, na mstari ni mbaya kuliko neno lenyewe. Kisha akasema. Daktari hatatia saini barua ya safari mpaka aone kwamba moyo wangu unaweza kuhimili siku mbili za kukaa kwenye basi. Kwa wiki nzima nifanye mazoezi ya kalori mia mbili kila siku. Akanivisha bangili nyeusi ya mpira inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Mali ya kliniki. Irudi Jumatatu ijayo ikiwa nzima.

Safari ni ya kwenda kumwona dada yangu. Ana miaka themanini na minne. Tuliagana kando ya lori lililokuwa limeshawashwa. Alinikabidhi kitabu nilichokisahau mezani, akanifunga kifungo cha juu cha koti kana kwamba nakwenda shule. Miaka thelathini na mitatu sasa. Zamani nilizuiliwa na watu wenye bunduki. Leo nazuiliwa na tumbo langu mwenyewe. Hayo ni maendeleo, na nashukuru.

Nilimuuliza muuguzi kama kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mazoezi. Alisema zinahesabiwa, mradi ziwe kazi kweli: mapigo yapande, jasho litoke. Akataka kujua mzee huwa anafanya kazi gani nyumbani. Mke wangu, aliyekaa kiti cha pembeni, alicheka mpaka akaomba maji.

Jumanne, 4 Machi

Nimekuwa mkutubi maisha yangu yote ya kazi, huko kwetu na huku ugenini. Najua jambo moja: kitu kisicho na kadi hakipo. Nimetoa kisanduku changu cha zamani na kadi tupu zilizobaki. Kila kazi ya nyumba imepata kadi yake, kwa mwandiko safi.

KUOSHA VYOMBO, kalori 70. Tazama pia: KUFUTA VYOMBO.
KUFUTA VYOMBO, kalori 40. Tazama pia: KUOSHA VYOMBO.

Hapo ndipo uzuri wa mfumo ulipo. Ukiosha kikombe, kadi inakupeleka kwenye kufuta, na kufuta kunakurudisha kwenye kuosha. Mkutubi mwaminifu hawezi kupuuza rejeo. Nilizunguka mara tatu.

Vikombe vyenyewe vilikuwa vinne. Kimoja kikavunjika. KUOKOTA VIGAE, kalori 25. Mke wangu akauliza kwa nini kuosha vikombe vinne kumechukua saa nzima na mtu mzima kalowa mpaka soksi. Nilimwambia nafanya mazoezi. Akasema aha.

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na kalori 445, zikiwemo kalori 90 za KUANDIKA KADI. Zaidi ya mara mbili ya nilichoagizwa! Nikajipa mkate na siagi na jamu, vipande vitatu, kurudisha nguvu.

Bangili inasema hatua 212, kalori 11. Bangili haikusoma.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na Kanali kwenye ngazi. Ni jirani yetu wa mlango wa pili. Hajawahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa mkaguzi wa tiketi, ila anakagua mpaka leo. Kila asubuhi anatoka na fimbo mbili za kutembelea, anarudi baada ya saa moja na nusu akihema, na anatangaza kalori zake kabla ya salamu. Leo mia nne na kumi.

Nilimweleza kuhusu kadi zangu. Akasema nisijidanganye, bwana mkubwa, kazi za nyumbani si mazoezi. Zingekuwa mazoezi, akina mama wa jengo hili wangekuwa na medali shingoni. Niliona ni maneno ya kipuuzi kabisa. Mke wangu, aliyekuwa akipanda nyuma yetu na ndoo ya maji, alisema ni mara ya kwanza kumsikia Kanali akisema neno la akili.

Mchana: KUPIGA PASI, kalori 80. Nilianza na shati la buluu, lile ninalotaka kuvaa mbele ya dada. Nikawaza kidogo kuhusu dada. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Alama ya pasi kwenye kola, kahawia, kubwa kama jani.

Mke wangu aliichukua pasi mkononi mwangu kwa upole, kama mtu anavyomwondolea mtoto mkasi. Alikaa dirishani, akafumua kola uzi kwa uzi, akaigeuza, akaishona upya na upande mzima ukiwa juu. Hata dada, mwenye jicho lake kali, hataona. Nilishukuru sana. Nilimwambia hivyo. Kisha nikaangalia ile mikono isiyotulia, na wazo likaja.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo linafanya kazi!

Nilimwambia mke wangu kwamba mpira wa bangili unaniwasha, naogopa nitaivua na kuipoteza. Je, hawezi kunitunzia mkononi mwake mpaka Jumatatu? Aliniangalia kama anavyomwangalia muuza vitambaa anayevuta kipimo. Nikajikuna kifundo cha mkono ili kuthibitisha. Akanyoosha mkono.

Kufikia adhuhuri: hatua elfu tisa! Kalori 380! Nilishangilia peke yangu barazani. Hizo ni kalori zangu kwa sababu bangili ni yangu, kama vile kitabu kilichoazimwa hubaki kuwa cha maktaba. Nikala keki.

Jumamosi, 8 Machi

Hatua elfu kumi na nne. Asubuhi amefua mashuka, amepiga deki vyumba vyote, amepanda na kushuka ngazi na maji mara saba. Mimi nilinyanyua miguu alipofika kwenye kiti changu. Mara mbili. KUNYANYUA MIGUU, kalori 15.

Jioni nilikwenda kununua mkate. Benchi la nyuma kabisa, mle ndani ya duka la mikate, nani kakaa? Kanali. Fimbo mbili zimeegemezwa ukutani, zimekauka, hazina hata tope nchani. Mkononi skonzi. Kwenye sharubu sukari. Tuliangaliana. Akasogea kidogo, nikakaa. Akanimegea nusu.

Ni jirani mwema. Sijui kwa nini nilikuwa simpendi.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike yote, hata yanayoniaibisha.

Kilo tisini na moja na nusu. Muuguzi aliunganisha bangili na kompyuta yake, akasogeza kiti karibu na skrini. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa unyenyekevu wa kupokea pongezi.

Alisema siku za kwanza mzee hakufanya kitu. Tangu Alhamisi, hata hivyo, mwenye mkono huu anaamka saa kumi na moja alfajiri, hakai mpaka saa mbili usiku, na mchana mapigo yake ni ya mtu anayekimbizwa. Akasema katika umri huu hilo si zoezi tena, ni hatari. Mtu wa namna hii hafai kusafiri. Apumzike mwezi mzima, ndipo tuzungumze kuhusu barua. Kisha akavua miwani na kuniuliza, kwa sauti ya mjukuu, kama nyumbani mzee hana mtu wa kumsaidia kazi.

Mwezi mzima! Nilimwona dada akilini, dirishani pake, anahesabu siku. Nilitafuta uongo mwingine, na ninao mwingi. Lakini lile swali halikuondoka. Hana mtu wa kumsaidia.

Nikasema mkono si wangu.

Muuguzi akamgeukia mke wangu. Mke wangu akaangalia dari. Akasema alijua tangu nilipojikuna, maana nilijikuna mkono usio na bangili. Alikubali kuivaa kwa sababu kwa miaka arobaini na minne amekuwa akiniambia amechoka, namwitikia nikiwa nyuma ya kitabu. Akaona mara hii mashine iseme, labda itapata kadi.

Nikamwomba radhi. Mimi!

Muuguzi alimpima mke wangu palepale, moyo na damu. Akatoa amri: mama apumzike wiki mbili, kazi zote ni za mzee, na bangili irudi kwenye mkono wa mzee. Akaizungushia plasta na kutia saini yake juu ya plasta. Barua itaangaliwa tarehe ishirini na nne.

Alhamisi, 13 Machi

Mgongo. Magoti. Vidole vya miguu, ambavyo sikujua vinahusika na kupiga deki.

Kalori 240 kufikia adhuhuri, za bangili, si za kadi. Sijaandika kadi yoyote tangu Jumatatu. Mikono haikauki.

Dada alipiga simu. Mke wangu alikuwa ameshamsimulia yote, amekaa kwenye kiti changu na kitabu changu. Dada alicheka mpaka akakohoa. Alisema hakuna jipya, huyu kitindamimba alikuwa akijificha nyuma ya magunia kila siku ya kufagia, na aliyekuwa akifagia sehemu yake ni yeye, dada mtu. Akaniita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Akasema nifanye kazi vizuri, asubiriye miaka thelathini na mitatu hashindwi na siku kumi na moja. Nililia kidogo juu ya sinki. Maji yalikuwa yanatiririka, hakuna aliyejua.

Kabla ya kulala nimeandika kadi moja tu. MKE WANGU. Sehemu ya kalori nimeiacha wazi, sina tarakimu ya kutosha. Tazama pia: kadi zote.

Jumatatu, 24 Machi

Themanini na nane! Barua imetiwa saini! Daktari, muuguzi, dereva wa basi ambaye bado simjui, nawashukuru wote. Vipimo vya mke wangu ni vizuri. Ulikuwa uchovu tu. Uchovu tu, alisema muuguzi, akiniangalia mimi. Bangili imebaki kliniki. Mkono unahisi mwepesi.

Tunaondoka kesho, sote wawili. Mke wangu amekataa nikunje nguo, anasema nakunja kama mtu anayeficha kitu. Amekunja yeye, shati la buluu juu kabisa, kola imelala vizuri. Sanduku likagoma kufunga. Akaniita nikae juu yake. Nilikaa. Likafunga mara moja, klik! Kilo themanini na nane zote zilitumika, na nadhani zingebaki tisini na moja kazi ingekuwa nyepesi zaidi.

KUFUNGA SANDUKU, kalori 200. Tazama pia: KUKAA.

Sasa anauliza kutoka jikoni nani ataosha vyombo vya leo. Nimemjibu kwamba lengo langu la siku nimeshalitimiza, kadi ipo. Nasikia anakuja. Amevua kandambili moja.

KUKIMBIA, kalori 50.