Shahidi Asiyesikia

Jumatatu, 4 Machi
Nimemshtaki! Fundi bati wa chumba cha jirani anagonga ndoo tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mimi fundi saa nahitaji utulivu. Mama mwenye nyumba kachoshwa na sisi wote wawili. Katamka: atakayeshindwa kesi anahamia chumba cha nyuma, kando ya choo. Nilicheka, nikamwambia fundi bati aanze kufunga mizigo. Wakili nimemkataa. Wa nini, na mdomo ninao?

Jumanne, 5 Machi
Siku mbaya. Niliingia mahakamani na koti langu la harusi, nikapanda kizimbani kwa sababu ndipo penye reli nzuri ya kushikia. Karani akaniuliza nimeshtakiwa kwa kosa gani. Nikashuka.

Shahidi wangu, mama muuza chai, alianza vizuri. Alisema kelele za fundi bati hazivumiliki. Hakimu akamwuliza kama anakaa karibu. Akasema hapana, kaambiwa na dada yake. Na dada? Kaambiwa na mimi. Hakimu akavua miwani, akasema huo ni ushahidi wa kusikia, na mahakama yake haipokei ushahidi wa kusikia. Nilete shahidi mwingine Jumanne ijayo.

Ajabu! Kesi ya kelele, halafu kusikia hakutakiwi. Lakini sawa, hakimu ni yeye.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata! Nilikuwa naoga, sabuni machoni, jibu likaja. Mjomba! Masikio yake yaliharibiwa na mitambo ya kuchapa magazeti. Mwaka wa sita huu hasikii hata radi. Na kila siku hukaa mlangoni kwangu anasoma. Ushahidi wake hauwezi kuwa wa kusikia hata kidogo. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba aje tu aseme ukweli. Akafurahi, akaenda kunyoa.

Nikampitia fundi bati kumwuliza kama kamba za mizigo anazo. Akaendelea kugonga.

Jumanne, 12 Machi
Laiti ardhi ingepasuka! Karani alimwandikia mjomba maswali kwa herufi kubwa, naye akajibu kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Hakimu alitaka kujua kama amewahi kusikia kelele za mdaiwa. Mjomba akasema miaka sita yote hajasikia hata moja, fundi bati ni mtu mtaratibu kabisa. Ukumbi mzima ukacheka, hadi askari wa mlangoni.

Nikasimama kueleza kwamba huyu ni shahidi wa kuona. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu! Hakimu akaandika. Ndipo fundi bati, ambaye hakuwa ameuliza lolote tangu kesi ianze, akaomba kumhoji shahidi wangu kwa swali moja tu: yeye akigonga, fundi saa huwa anafanya nini? Mjomba akasoma, akanitazama kwa huruma, akasema huwa nalala. Kila siku, saa nne mpaka saa sita, shavu mezani, mdomo wazi. Mara mbili amenibandua gurudumu la saa shavuni.

Njiani nilimwandikia kumwuliza kwa nini amenifanyia vile. Akajibu kwamba aliapa, na ni mimi niliyemwambia aseme ukweli. Nikamnunulia soda.

Ijumaa, 15 Machi
Hukumu. Hakimu kasema amepima ushahidi wa pande zote mbili, na upande wangu kilichokuwa na uzito ni maneno ya mjomba tu, nayo yanamlinda mdaiwa. Madai yametupwa.

Fundi bati alinisaidia kubeba meza hadi chumba cha nyuma. Kimya kimya, bila hata kunicheka! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Harufu ya huku siielezi.

Jumamosi, 16 Machi
Nakata rufaa! Nimekaa nikaichambua kesi, kosa nimeliona. Kusikia kulimwangusha mama muuza chai. Kuona kukamwangusha mjomba. Kumbe shahidi safi ni yule ambaye hakusikia wala hakuona! Na ninaye: shemeji yangu, dereva wa malori, hajawahi kukanyaga mtaa huu. Nimeshamtumia nauli.