Nadhiri ya Usukani

Jumatatu, 3 Novemba

Dada Harriet ametangaza vita. Kabla ya chai! Amesema wiki hii ikiisha sijapata kazi, Jumatatu ijayo napanda gari la kwenda Kajo-Keji kwa mjomba Lado, kulima karanga. Mimi! Nina miaka thelathini na sita na cheti cha biashara kutoka Arua. Mikono yangu ni ya kaunta, si ya jembe. Nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba mikono yangu ni ya kijiko, akaondoka kwenda kufundisha darasa lake la nne, ambako nina hakika wanamwogopa pia.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Harriet husoma kila karatasi anayoiona, lakini Kiswahili anasema ni lugha ya askari waliotusumbua ukimbizini Uganda, hataki hata kuitazama. Humu niko salama.

Nimezunguka mjini Juba kutwa. Duka la dawa: unajua kuendesha gari? Duka la vitambaa: unajua kuendesha? Duka la vitabu, lenye vitabu labda sitini: unajua kuendesha? Vitabu hivyo vinakwenda wapi? Mji huu hautafuti wauzaji, unatafuta madereva wanaojua kutabasamu.

Jioni, kule Gudele, tangazo mlangoni kwa Mama Fortunate, Mganda, duka la jumla na rejareja. Anatafutwa mtu wa duka, awe mchangamfu, ajue lugha, ajue gari. Uchangamfu ninao. Lugha ninazo nne. Mambo matatu, mawili ninayo. Katika mtihani wowote huko ni kufaulu.

Jumanne, 4 Novemba

Mama Fortunate ni mwanamke mkubwa, mtulivu, anayefanya usaili akiwa ameketi juu ya gunia la sukari. Tulikuwa wawili. Mwenzangu anaitwa Waiswa, mtu wa Jinja, amevaa leseni ya udereva shingoni kwa kamba ya kiatu. Shingoni! Kama cheti cha ubatizo.

Waiswa akasema ameendesha miaka minne. Nikasema tisa. Malori. Yenye tela. Mama akauliza leseni iko wapi, nikasema iliibwa pamoja na begi langu kule Koboko. Siku nyingine uongo wangu hutoka ukijikwaa, lakini leo ulitoka umeoga na kuchana nywele.

Kisha akatujaribu kaunta. Hapo nilikuwa nyumbani. Mama mmoja aliingia kutafuta mafuta ya kupikia, akatoka na mafuta, sabuni, majani ya chai na beseni. Bibi mmoja nikamwongelesha Kibari, dereva wa tangi la maji Kiarabu cha Juba, Wakenya wawili Kiswahili. Waiswa alimpa mteja samaki wa kopo bila kumtazama usoni. "Cirillo, wewe iko na mdomo ya duka," akasema Mama Fortunate. Nilikaribia kulia, kusema kweli. Ni lini mtu aliniambia nina chochote?

Halafu akaharibu. Tutajaribiwa wote wawili mpaka Jumamosi, mmoja abaki. Na kesho asubuhi, kwa kuwa mimi ni wa malori, nitapeleka mzigo bandarini, kule mtoni, kwa pikapu. Nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka Gudele mpaka Hai Malakal nikitafuta ugonjwa unaofaa.

Jumatano, 5 Novemba

Ushindi! Na bila ugonjwa!

Nilifika dukani na uso wa msiba. Mama Fortunate akanipa funguo. Nikaruka nyuma kana kwamba ananipa nyoka. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba niliponea ajali, lori liligeuka magurudumu juu, na nikiwa chini yake niliweka nadhiri mbele za Mungu kwamba sitashika tena usukani mpaka... Hapo nikakwama. Mpaka nini? Mwisho sikuwa nimeuandaa! Nje akapita mwanamke mwenye mwavuli kama wa Harriet, na ulimi ukatangulia kichwa. Mpaka dada yangu mjane apate mchumba.

Nilipoifikiria vizuri nilijipongeza. Harriet ni mjane mwaka wa saba, na wanaume humwamkia wakiwa ng'ambo ya barabara. Nadhiri hiyo ingenitunza mpaka nistaafu.

Mama Fortunate ameokoka. Machozi yalimtoka. "Usivunje, Cirillo. Mungu iko na sikio." Funguo akapewa Waiswa, naye akaondoka akipiga honi bila sababu yoyote. Mimi nikauza mpaka jioni. Mama amesema sabuni haijawahi kwenda hivyo tangu afungue duka.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nilirudi nyumbani nikakuta akina mama sita uani, wote kitenge kimoja, Mama Fortunate katikati. Ni kikundi chake cha maombi. Wamefunga kula tangu jana kwa ajili ya nadhiri yangu. Na hawakuja mikono mitupu. Walikuja na mwanamume! Anaitwa Konga, fundi wa kuchomelea mageti, shemasi, mjane, amevaa suti ya kahawia katika joto hili.

Walikuwa wamekwisha kumsimulia Harriet kila kitu. Ajali. Lori. Mmoja alionyesha kwa mikono jinsi magurudumu yalivyokuwa juu. Harriet akanigeukia. Huyu ndiye anayejua kwamba chombo pekee nilichowahi kuendesha ni toroli, nalo niliingia nalo mtaroni. Nikangoja aseme.

Akamuuliza Konga kama anapenda chai ya tangawizi.

Tangawizi! Miaka miwili naishi hapa, kila nikiuliza naambiwa imeisha.

Walipoondoka nilimuuliza kwa nini hakuniumbua. Akasema hapendi kuingilia mambo yangu na Mungu. Sikuipenda sauti yake hata kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mambo yanakwenda mbio kuliko nilivyoagiza.

Saa moja asubuhi Konga alikuwa mlangoni na utepe wa kupimia. Lango letu ni bati lililofungwa kwa waya, nami nimeahidi kulishughulikia tangu Pasaka. Huyu akalipima kwa dakika tano, akasema geti lipo tayari karakanani, mteja wake alihama, linatoshea. Harriet akacheka. Nilitoka nje kuangalia kama kuna mgeni mwingine, maana sikuwahi kusikia kicheko hicho tangu shemeji afariki. Nilifurahi. Nakiri, nilifurahi sana kwa muda wa kama nusu dakika, mpaka nikakumbuka maana yake kwangu.

Saa nne ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mama Fortunate. Kutoka kwa Harriet. Konga ameleta posa, yeye amekubali, kwa hiyo mdogo wake sasa yuko huru, mpeni gari.

Mpeni gari! Aliandika hivyo hivyo! Dada yangu wa tumbo moja!

Mama Fortunate alipiga vigelegele mpaka mteja mmoja akasahau sukari yake. Uamuzi ukatoka palepale. Kesho ni siku ya mwisho ya majaribio, na mimi nitaendesha pikapu kupeleka geti jipya Hai Malakal, kikundi kizima kikishuhudia. Waiswa akanipa mkono wa pongezi. Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu, akitabasamu.

Jioni nimejifunza. Kiti cha plastiki, mfuniko wa sufuria, matofali matatu. Dereva wa teksi hapa jirani alinieleza kwa kikombe kimoja cha chai. Mguu wa kushoto klachi, wa kulia breki na mafuta. Nilikaa nyuma ya kiti chake teksini nikatazama anavyoshika gia. Mpaka jua linazama nilikuwa nimefika Nimule mpakani na kurudi bila ajali. Kwa kweli sioni watu wanaringia nini.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa nimejifungia.

Karakana ya Konga, saa tatu. Akina mama sita, Konga na suti yake, Waiswa na leseni yake, na Harriet, ambaye alikuja mwenyewe na kustarehe juu ya kigoda kama anayengoja mpira uanze. Geti limepakiwa na kusimamishwa sehemu ya nyuma ya pikapu. Wakaimba. Nikalizunguka gari polepole, nikapiga tairi teke, kama wanavyofanya. Nikafungua mlango wa kushoto, kama wa teksi, nikaketi kwa heshima, nikanyoosha mikono.

Hakukuwa na usukani!

Palikuwa na kijisanduku, na ndani yake tochi ya Mama Fortunate. Usukani ulikuwa kule upande mwingine, unaning'inia peke yake. Pikapu imetoka Uganda! Teksi zote nilizopanda Juba usukani uko kushoto, na wiki nzima nililitazama gari hili kutoka kaunta nikiona mgongo wake tu. Nani huweka usukani popote anapotaka? Nchi moja, barabara moja, na kila gari na mawazo yake!

Nikafumba macho, nikaanza kuomba. Niliomba kwa sauti. Niliombea bandari, soko, kikundi, wagonjwa wote. Kila nilipotaka kumaliza nilikumbuka mgonjwa mwingine. Nilipofumbua macho, Waiswa alikuwa ameegemea dirisha la kule, funguo kidoleni, akiniuliza kwa upole, eti mchungaji anahitaji nini.

Ningesema ukweli hapo. Najua. Badala yake nikateleza mpaka upande wa pili, nikachukua funguo, nikawasha. Pikapu ikaruka mara moja kama mbuzi, ikazima. Geti likatoka nyuma, likalala kifudifudi kwenye tope. Hakuna aliyeumia. Halafu Harriet akacheka kile kicheko, na Konga naye akacheka, na basi, nikashuka nikasema yote. Lori hakuna. Leseni hakuna. Ajali hakuna. Magurudumu yalikuwa chini siku zote.

Mama Fortunate aliniambia maneno machache, na kila moja lilifika. Amefunga siku mbili kwa ajili ya lori ambalo halipo. "Cirillo, kama wewe alisema Jumanne hajui gari, mimi nachukua Waiswa gari, nachukua wewe kaunta. Kwisha. Mimi iko na kazi mbili." Kazi mbili! Kumbe mdomo wangu ungetosha! Akaniamuru niombe msamaha kwa akina mama mmoja mmoja. Wa tatu alinipa mkono mgumu. Kisha Mama Fortunate akasema kaunta ni yangu, kwa sababu ya sabuni, lakini akisikia uongo mmoja tena, hata wa ukubwa wa kiberiti, atanifukuza.

Nikaapa. Nimepona. Mjomba Lado atavuna karanga zake mwenyewe.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya kwanza ya mtu mwenye kazi. Geti jipya limesimama, Konga ameliosha tope mwenyewe. Harriet amenipa chai ya tangawizi bila kuulizwa, na amesema hata akiolewa chumba changu kipo. Gari la Kajo-Keji liliondoka bila mimi. Sikuwahi kuamka nikiwa na kila kitu namna hii.

Saa sita Mama Fortunate alituita. Mtu anayesindikiza mzigo wake kwenye tishari la mtoni kwenda mji wa Bor ameshikwa na malaria. Kuna posho nzuri. Ila nahodha hakubali mtu asiyejua kuogelea. Akatuuliza sote wawili, nani anajua?

Waiswa akasema yeye hajui, na maji mengi anayaogopa. Akasema hivyo hivyo, bila aibu! Na Mama Fortunate akamsifu. Mbele yangu! Akasema huyo ndiye mtu wa kweli, na akanitupia jicho. Nifanye nini? Nikasema naogelea tangu utoto, kwamba kule Uganda nilifundisha wengine, wakiwemo watu wazima. Aliniuliza mara tatu. Mara tatu nikasema ndiyo, na Waiswa akanipa mkono.

Tishari linaondoka Jumatano. Sina wasiwasi hata kidogo. Mto unateremka wenyewe kwenda Bor, kwa hiyo hata nikianguka nitafika.