Diski Mbili na Mteremko Mmoja

Jumanne, 9 Juni

Breki zimeanza kulia tena. Kulia gani, zinapiga mayowe! Nikisimama njia panda watu wanageuka kutazama nani anachinjwa. Nimelipeleka gari kwa fundi wa gereji ya hapa mtaani, tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu ambazo mtaa mzima unazijua. Kachungulia magurudumu ya mbele, katikisa kichwa. Kasema diski za breki zimelika mpaka zimekuwa nyembamba, na pedi zinazozibana hizo diski zimebaki bati tupu. Nikamuuliza atanibadilishia lini. Kasema kesho.

Kesho ya nani? Binti yetu wa pekee amepata kazi ya maabara katika hospitali ya mji ulio ng'ambo ya mlima, na anaanza Jumatatu. Tangu yuko darasa la kwanza nimemwahidi kwamba siku yake ya kwanza ya kazi nitampeleka mimi, kwa gari langu. Leo mke wangu, ambaye gari hili analiita mke mwenzake, kaapa kwamba mtoto wake hateremki ule mteremko mrefu ndani ya gari lisilo na breki. Na kaka yake alikuwepo! Shemeji, mwenye gari jipya, anayelifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Kasema nisijali, atampeleka yeye. Akanipigapiga begani.

Sitaki kupigwapigwa begani. Nitazibadilisha mwenyewe. Diski mbili, pedi nne, ugumu uko wapi? Nimeshanunua vyote duka la spea na kuvificha chini ya kitanda.

Jumatano, 10 Juni

Kazi imeanza. Nililipandisha gari kwa jeki ndipo nikakumbuka kwamba nati hulegezwa kwanza. Kila nikivuta spana, gurudumu linazunguka na mimi nazunguka nalo. Nikalishusha, nikalegeza nati, nikalipandisha tena, nikaliegemeza juu ya stendi mbili za kuazima.

Gurudumu la kwanza lilipotoka nikamwita binti anipige picha. Spana mkononi, uso wa kitaalamu. Nikaituma papo hapo kwenye kundi la simu la familia ili Shemeji aione. Kajibu kwa kidole gumba. Kimoja tu. Wivu huo.

Muuza spea alinionya nifungue upande mmoja, niumalize kabisa, ndipo niguse wa pili. Wauzaji wana maneno mengi. Nimefungua pande zote mbili kwa pamoja, kuokoa muda. Diski za zamani zilikuwa zimeganda kwa kutu, nikazigonga kwa nyundo mpaka mke wangu akaja kuuliza nabomoa nini. Kufika saa kumi zote ziko chini! Nimeongeza na mafuta ya breki mpaka juu kabisa ya kopo lake, yasije yakapungua. Vyuma vyote nimevipanga vizuri kwenye sinia kubwa, kulia kulia, kushoto kushoto. Nimelala na furaha moyoni.

Alhamisi, 11 Juni

Mke wangu alihitaji sinia lake. Kavimwaga vyuma vyangu kwenye ndoo.

Nimekaa mbele ya ndoo asubuhi nzima. Kipi cha kulia, kipi cha kushoto? Hiki kisahani kidogo kinaingia wapi? Ningekuwa na upande mmoja uliofungwa ningeutazama, lakini sina. Kuna mchoro kwenye boksi la pedi, mdogo kama stempu.

Saa saba Shemeji akaja kula, kama kawaida yake, saa ileile chakula kinapotua mezani. Gari lake likabaki nje, zima, na breki zake zote mahali pake. Nikasema naenda kunawa mikono. Nikatoka, nikalala chali kwenye vumbi, nikaingiza kichwa nyuma ya gurudumu lake la mbele. Naona kidogo! Naanza kuelewa! Mara nikaona viatu. Vinang'aa. Sauti ikauliza huko chini kuna nini.

Ningesema nini? Nikasema nimesikia kitu alipokuwa anaingia. Kwenye breki. Basi tu, kitu. Nikatikisa kichwa kama Fundi Kesho. Shemeji kanywea. Kapanda gari, kaondoka na nyama yake iko kwenye sahani, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nimwoe dada yake. Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikala ile nyama.

Ijumaa, 12 Juni

Habari zimefika kwa mke wangu. Shemeji jana alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Kesho kutazamiwa breki. Fundi kashafungua magurudumu, kasema hajaona kitu bado, atamaliza kesho. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Aende sasa na leso yake!

Kisha nikahesabu magari. Gari la Shemeji liko juu ya mawe. Langu liko juu ya stendi. Jumatatu inakuja. Binti akasema hamna shida baba, atapanda basi tu, sanduku si zito. Alikuwa anatabasamu aliposema. Sanduku nimelinyanyua mwenyewe, ni zito. Iliniuma ile hamna shida, iliniuma kweli.

Nikarudi kwenye ndoo kwa hasira. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo lazima pistoni, kile chuma kinachozisukuma pedi, irudishwe ndani kwanza. Nimeirudisha. Mafuta ya breki niliyoyajaza juzi yakafurika yakamwagika ubavuni mwa gari, na pale yalipopita rangi inabanduka. Nimemwaga maji ndoo nzima. Rangi na iende, breki ndiyo muhimu.

Jumamosi, 13 Juni

Nimefunga kila kitu! Hakuna kilichobaki kwenye ndoo. Na ili diski zing'ae nimezipaka mafuta kidogo.

Mke wangu na binti wakatoka kushuhudia. Nikawasha, nikaweka gia ya nyuma, nikaachia kidogo, nikakanyaga breki. Kanyagio likazama mpaka sakafuni! Mama yangu! Gari likaendelea kurudi polepole, likapita kwenye kamba ya nguo, likasimama kwenye tuta la bustani ya mke wangu likiwa limejifunika shuka mbili. Hakuna aliyeumia isipokuwa nyanya.

Binti akaja dirishani, akasema nikanyage tena, na tena. Ati baada ya kurudisha pistoni lazima kanyagio lipigwepigwe mpaka liwe gumu, kabla gari halijasogea. Nikapigapiga, likawa gumu. Nikasogea mbele, nikafunga breki. Krrrr! Nikamwambia ni upya huo. Hakubisha. Akachukua simu yake, akafungua ile picha ya Jumatano, akaikuza.

Nyuma ya bega langu kila kitu kilikuwa wazi. Kila chuma mahali pake. Siku tatu picha iko kwenye simu ya kila ndugu, na mimi nimelala kwenye vumbi chini ya gari la mtu! Kichwa changu kimeziba sehemu ndogo tu. Akauliza kwa nini sikumwomba. Nikasema nilikuwa namjaribu.

Tukafungua tena, yeye akiwa na spana, mimi nimeshika sinia. Pedi moja ya kushoto ilikuwa imegeuka, bati ndilo lililokuwa linakwangua diski. Bahati diski haijachimbika. Zile nyingine zilikuwa zimelowa mafuta yangu, kwa hiyo muuza spea kaniuzia seti ya pili. Diski binti kaziosha mara mbili kwa sabuni, kaziacha zikauke kabisa. Nikamuuliza haya kayajulia wapi. Kasema kwenye kijitabu cha gari. Kipo kwenye droo ya gari, hakijawahi kufunguliwa.

Jioni Fundi Kesho mwenyewe akaja kukagua. Leo, si kesho! Mke wangu alimpelekea salamu kwamba asipofika atakwenda kukaa naye gereji. Kakagua kila nati, kaendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Kasema ni salama. Kasema zimefungwa na mtu anayejua. Nikamshukuru.

Jumapili, 14 Juni

Nimezunguka mtaa mara ishirini na tatu. Nasimama, naenda, nasimama. Kimya! Hakuna anayegeuka kunitazama, hata nimekosa kidogo yale mayowe.

Jumatatu, 15 Juni

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu kaligonga gari bonetini, kaliambia mke mwenza chunga mtoto. Tukapanda mlima. Kule juu nikapunguza gia, nikashika usukani kwa mikono miwili, mteremko ukaanza. Kona, nikagusa breki, gari likatii. Kona nyingine, likatii. Nikageuka kumwambia binti aone mambo hayo.

Amelala. Kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala nikimrudisha kutoka chekechea. Kwenye mteremko ule ule! Nimeuteremka wote taratibu nisimwamshe, na sitaki kuandika macho yangu yalikuwaje.

Getini pa hospitali mlinzi kauliza mimi nani. Binti kasema huyu ni baba yangu, breki hizi katengeneza mwenyewe. Sikumsahihisha. Kanikumbatia, kachukua sanduku, kaingia.

Jumanne, 16 Juni

Gari la Shemeji bado liko kwa Fundi Kesho. Kumbe breki zake hazina ubovu wowote, lakini fundi kasema atamfungia kesho. Nimemwonea huruma. Nimempigia nikamwambia tulikokote hadi kwangu, kwani breki sasa ni fani yangu. Kasita. Nikamweleza maneno ya Fundi kuhusu mtu anayejua.

Limefika saa nne. Nimeanza na magurudumu yote manne kwa pamoja, kuokoa muda. Binti hayupo, kwa hiyo nimemwomba mke wangu anipige picha ya kuwatumia familia. Nimemwambia asogee karibu, achukue uso vizuri, hayo machuma ya nyuma yasionekane.