Kuhusu Wanawake Wachimbao Kisima Pasipo Amri

Kijijini, njia ya Buigiri
12 Oktoba 1911

Kwa Bwana Akida, mheshimiwa,

Uniwie radhi kuuvunja utulivu wako kwa karatasi hii. Mimi ni Yotham Matonya, mgane wa mwaka wa saba, niliyesomeshwa na misheni, na kwa hisani ya jumbe wetu ni msimamizi wa visima vyote vya kijiji hiki. Visima vyote ni kimoja, nacho kimekauka tangu Agosti.

Nina mashtaka juu ya Raheli, mama wa watoto wanne, aliyewakusanya wanawake ishirini akaanza kuchimba kisima kipya korongoni, bila ujira na bila kuamriwa na mtu.

1. Ameharibu desturi. Wajua kwamba kwetu kazi ya wote huitwa kwa pombe: mwenye haja hupika pombe ya mtama, wanaume huja na majembe, hunywa, huchimba. Mwaka huu tulikuwa tunangoja kwa utaratibu mzuri kabisa. Pombe haipikiki bila maji, maji hayapatikani bila wanaume kuchimba, na wanaume hawachimbi bila pombe. Mpango huu haukuwa na kasoro hata moja, mpaka Raheli alipoanza kuchimba kwa kiu yake mwenyewe.

2. Amenivunjia heshima. Nilibeba kiti changu nikaenda kusimamia, kama inipasavyo. Raheli akapiga goti: "Shikamoo, babu." Nikaitikia, moyo ukafurahi. Ndipo akasema, "Hapo ulipoketi, babu, ndipo tunapomwaga udongo." Nikahama mara tatu. Mara ya nne Sikudhani, mke wa mchuuzi wa Kondoa, akauliza kwa sauti kubwa kama kiti nacho kimeandikwa kazi. Walicheka hata wakaangusha vikapu.

3. Hawana daftari. Mkristo, Mwislamu, na anayetambikia mizimu ya babu zake, wote zamu moja na wimbo mmoja. Nilipodai majina ili niyaandike, Raheli alinijibu, "Aliyeshika jembe, babu, amekwisha kujiandikisha." Sasa mtoro nitamkemea vipi?

4. Hili ndilo zito. Watu wameanza kuulizana: kama kisima huchimbika bila msimamizi, msimamizi hufanya nini? Leo wanauliza juu yangu. Kesho watauliza juu ya jumbe. Keshokutwa, nasita kuandika, swali hilo litapanda ngazi za baraza lako, na sioni litakaposimama.

Kwa hiyo naomba azuiwe. Sipendi atozwe faini, wala, Mungu apishe mbali, apigwe kiboko, maana mateso humwongezea mtu wafuasi. Nashauri njia ya upole: umpe cheo. Umpe kiti na barua yenye muhuri. Nasema kwa ujuzi, Bwana Akida. Kabla ya cheo nilichimba visima vitatu kwa mikono hii, marehemu mke wangu akivuta udongo. Tangu nikalishwe kitini sijachimba hata shimo la kupandia muhogo. Dawa hii sijaiona ikishindwa.

Wasalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na karani wako, na yule askari wa mlangoni aliyenionyesha mahali penye kivuli. Nabaki mtu wako mtiifu, asiyependa kusumbua,

Yotham Matonya

Nyongeza: Barua hii imekawia siku tano. Uniwie radhi pia kwa mwandiko, viganja vina malengelenge. Nilishuka shimoni kuwaonyesha tu namna ya kuzuia mchanga usiporomoke, nikasahau kupanda. Tangu jana udongo unatoka na unyevu. Nakusihi, kile cheo cha Raheli kikae kwako kwanza; zimebaki kama dhiraa mbili, si wakati wa kumpoteza mchimbaji. Na hiki changu, akitokea mwenye kukihitaji, apewe. Mimi kwa sasa sina nafasi.