Kovu la Mwana wa Mfalme

Leo nimejivua nguo mbele ya darasa zima. Sketi nilikuwa nayo, soksi nilikuwa nazo, tai ilikuwa shingoni. Ila nimejivua, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, huu huu ambao walimu wanaandika kwenye ripoti kila muhula kwamba haufunguki.

Mwanaidi binamu yangu, najua ukija likizo kutoka Ngerengere utalisoma daftari hili hata nilifiche chini ya gunia la mchele. Basi soma. Lakini soma kwa mpangilio, usirukie mwisho kama kawaida yako.

Unaikumbuka Mlima Usiolala? Ile hadithi ya gazetini ya Kalamu Pweke, ya watu walioweka rehani vivuli vyao kwa malkia, na mlima unaohama, na Kinyemi mwana wa mfalme aliyeingia ndani ya huo mlima kukifuata kivuli chake. Sehemu moja kila wiki. Siku hizi magazeti yamefumuka kama kumbikumbi, na kila moja lina hadithi yake ya majini na mizimu. Sawa, wana ruhusa. Lakini hadithi ni moja tu. Kalamu Pweke akiandika ukungu unavyoshuka, unajua huyu mtu amewahi kuamka asubuhi akaitazama Uluguru ikiwa haipo. (Sitaki ubishi.)

Sisi gazeti hatununui. Linakuja nyumbani likishasomwa na wenye nalo, kwenye yale mafurushi mama anayofungia vitumbua. Mimi ndiye wa kwanza kupekua. Nakata sehemu yangu, nabandika kwa uji wa muhogo kwenye daftari kubwa. Gazeti likiwa la kuazima halikatwi, kwa hiyo nanakili kwa mkono. Ndiyo maana daftari langu nusu ni chapa, nusu ni mwandiko wangu, na linazunguka darasani kwa foleni bila mtu kushangaa.

Sasa sehemu ya 14. Mwezi uliopita niliiona kwa macho yangu haya. Nikaenda kuchukua mkasi. Kurudi, mama ameshaifungia vitumbua vinne, na mteja ameshaondoka mbio kuwahi treni. Nikamuuliza mama kwa nini.

"Mwanangu," akasema, "watu wanakula vitumbua, hawali hadithi."

(Treni yenyewe ilikuwa ya huko kwenu. Hukuona karatasi yenye mafuta hapo stesheni?)

Nilikaa na lile pengo mpaka sehemu ya 15 ikaja, na siku tatu zaidi. Ya nne nikaandika sehemu ya 14 mwenyewe. Ya 13 nilijua imeishia wapi, ya 15 nilijua imeanzia wapi, kazi yangu ilikuwa kujenga daraja tu. Nikalijenga. Sikumwambia mtu, hata wewe.

Haya, leo sasa. Ijumaa, baada ya vipindi, mdahalo. Madamu wa Kiswahili ametuambia klabu ya wasomaji itapata gazeti moja kila wiki, bichi, atalileta yeye kutoka mjini. Lakini gazeti moja, hadithi moja. Tubishane ni mwandishi gani bora, halafu tupige kura.

Wengine kwao ilikuwa mchezo. Kwangu mimi haikuwa. Tangu Jumatatu mama ameacha magazeti. Amenunua mifuko ya nailoni, eti wateja wa siku hizi wanataka usafi. Na Mlima Usiolala umebakiza sehemu tano, gazeti lenyewe limetangaza. Sehemu tano, na mimi nimeachwa nje ya mlima, Kinyemi yuko ndani, na katikati yetu kuna mfuko wa nailoni. Nilitaka kujua kama anatoka. Hicho tu.

Upande wa pili alisimama Tausi wa Kidato cha Tatu B, na Jini wa Chupa ya Kijani ya mwandishi anayejiita Babu Tufani. Mwana, nimeisoma hiyo hadithi. Kila sehemu inaisha mtu anazimia. Kazimia shangazi, kazimia polisi, kazimia mganga aliyeitwa kuwazindua. Sehemu ya tisa kazimia jini mwenyewe. Na watu wanaita hiyo fasihi.

Upande wetu alisema Pili, ninayekaa naye dawati moja. Alisema vizuri, hoja zote nilimwandikia mimi. Mtunza muda alikuwa Kaka Deo wa Kidato cha Nne, yule aliyewahi kuanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Bigwa. Anagonga glasi kwa kijiko. Simsemi zaidi.

Tulikuwa tunashinda. Niliona vichwa vinavyotikisika. Ndipo Tausi akarudi mbele, mkononi ana daftari. Daftari langu! Ilikuwa zamu yake wiki hii kwenye foleni, nami kwa ujinga wangu nikafikiri anasoma kwa kupenda.

Akaanza kwa upole, kama anayempa mgonjwa uji. Akasema anamheshimu Kalamu Pweke, ila ana swali. Sehemu ya 13, Kinyemi anavuta upinde kwa mkono wa kulia. Sehemu ya 14, anavuta kwa kushoto. Ya 15, mkono umerudi kulia. Watu wakacheka kidogo.

"Si hilo tu," akasema. "Sehemu ya 14 mwana wa mfalme ana kovu juu ya nyusi, alilipata alipoanguka na farasi mteremkoni. Na anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sehemu ya 15 kovu limekwenda wapi? Limepakwa dawa gani?"

Sasa walicheka sana. Mimi nilikuwa natazama dawati.

"Halafu kuna binti. Mchota maji, mkimya, ana mwanya. Hajawahi kuonekana kabla, haonekani tena baada. Lakini katika sehemu hii moja mwana wa mfalme anamfuta machozi kwa kanga yake na kumwambia, 'Katika ufalme huu wote ni wewe tu uijuaye njia.' Njia gani? Binti wa nani? Jamani, mwandishi anayesahau watu wake mwenyewe tumpe gazeti letu?"

Pili akanigeukia anisaidie jibu. Nilikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu moja tu.

Mwana, nataka unielewe hapa. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mtu wa watu yuko huko aliko, ameandika kila wiki kwa uangalifu, hajawahi kukosea hata jina la mbuzi, leo anaitwa mzembe mbele ya watu arobaini kwa kosa langu. Na Kinyemi atabaki mlimani milele kwa sababu yangu. Nikaona kwamba mtu mwenye haki anasimama. Kwenye hadithi wanasimama.

Nikasimama.

Miaka mitatu shuleni sijawahi kusema "Taarifa, mwenyekiti". Nimesema leo. Mwenyekiti mwenyewe alitafuta sauti imetoka wapi.

"Sehemu ya 14 si ya Kalamu Pweke," nikasema. "Ilipotea. Nimeiandika mimi. Yote, kila neno. Yeye hana kosa hata moja."

Nikajisikia mrefu. (Nilikuwa hata nimeanza kuwaza jinsi nitakavyokuandikia jambo hili, kwa maneno mazito.) Pili akanong'ona, "We, kaa chini." Sikukaa. Nikafikiri ananionea wivu.

Tausi alilitazama daftari. Akanitazama mimi, mdomoni hasa, kwenye mwanya. Akalitazama tena daftari. Halafu polepole, kama mtu anayefuata nzi kwa macho, akageuka kuitazama meza ya mtunza muda.

Na darasa zima likageuka naye.

Kaka Deo alikuwa amekaa, kijiko mkono wa kushoto, kovu juu ya nyusi pale pale lilipo siku zote.

Kutoka nyuma kabisa mtu akasema kwa sauti ya taratibu, "Kaka Deo, hebu shika upinde tuone."

Mwana, madawati yalipigwa. Kuna mtu alilala chini. Watu walizimia kuliko kwenye chupa ya Babu Tufani. Madamu mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu cha mahudhurio, na kitabu kilikuwa kinatikisika. Mimi bado nimesimama. Nilikuwa nimekiri kosa moja, kumbe ndani yake kulikuwa na jingine, nami sikulihesabu.

Kaka Deo akainua kijiko. Akagonga glasi mara mbili.

"Muda umekwisha," akasema. Na akacheka. Kwa upande mmoja wa mdomo.

Kura zikapigwa. Tumeshindwa. Sikuweza hata kunyoosha mkono wangu mwenyewe, niliogopa utaonekana. Kwa hiyo klabu itasoma jini anayezimia, kila wiki, bichi. Na unajua kinachoniuma zaidi? Tausi alinifuata nje kunirudishia daftari, akaniuliza kama nimeandika nyingine. Mtu amekuzika, halafu anakuuliza kama una njaa! Nikamwambia sina.

Langoni Kaka Deo alikuwa ameegemea baiskeli yake. Nikapita upande wa pili nikitazama mlima kana kwamba nimeanza kuuona leo. Akaniita.

"We dada. Yule Kinyemi, anatoka mlimani au hatoki?"

"Sijui. Kamuulize Kalamu Pweke."

"Gazeti lenyewe hatutalipata," akasema. "Nakuuliza wewe."

Nilitaka kumjibu jambo la maana. Nikasema, "Shikamoo." Mwanaidi, nimemwamkia kijana wa Kidato cha Nne kama mjomba. Akajibu, "Marahaba," akapanda baiskeli akaenda zake, mabega yanatikisika.

Nimefika nyumbani nimemkuta mama anafunga vitumbua kwenye nailoni. Nailoni haina hata herufi moja. Nimemwambia kila kitu kilichotokea ni kosa lake na vile vitumbua vinne. Akaniuliza kama nimekula. Nimekaa uani mpaka hasira ikapungua, nikachukua daftari kubwa, nikafungua ukurasa mweupe. Kinyemi hawezi kubaki mle ndani kwa sababu ya kura za watu wasiojua kusoma. Safari hii nimemtoa kovu, nimempa mkono wa kulia, nimempa na upara kidogo kwa usalama.

Nawe Mwana, hapo ulipo, funga mdomo. Ukicheka nakuingiza sehemu ya 20, na kule kuna mlinzi wa pango mwenye ndevu ambaye bado hana jina.