Kuachwa Nje ya Historia ya Gazeti la Mikeka

Ndugu Mhariri,
Gazeti la Kampuni ya Ubashiri wa Michezo,

Natumaini hamjambo hapo ofisini na kiyoyozi kinafanya kazi. Mimi ni fundi cherehani, msomaji wenu tangu gazeti likiwa karatasi moja. Nimesoma toleo la maadhimisho, lenye historia yenu ya kurasa nne. Mkurugenzi yumo, mitambo imo, hata paka wa stoo yumo. Mimi simo. Kwa heshima zote, nalalamika.

1. Mmeandika kuwa gazeti lilikua kwa jasho la waasisi. Jasho lipi lililozidi langu? Redio yangu ilikwenda kwenye mikeka ya kubeti, ikafuatwa na feni, kisha kochi. Sisi nyumbani tunakaa chini. Mwasisi wenu pichani amekalia kochi la ngozi.

2. Mtabiri wenu, mnayemwita Profesa, mmemsifu ukurasa mzima. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi vielelezo vya kukatia kitambaa cha suruali huvikata kwenye magazeti yenu. Nilipokata cha mwalimu mkuu, mkasi ukafika kwenye utabiri wa Profesa wa Jumamosi, mkono ukagoma kuupasua. Nikauzunguka. Mwalimu mkuu akapata suruali yenye mguu mmoja mfupi, na timu ya Profesa ikafungwa. Kitambaa nikalipa mimi. Hayo historia yenu haiyasemi.

3. Mwisho ikaenda cherehani yenyewe. Mke wangu ameikomboa kwa kufulia watu nguo mpaka vidole vikachubuka, na hapo sitanii. Siku aliyoirudisha niliona aibu, nikaapa mbele yake kwamba sibeti tena. Akanikumbusha kuwa mchovya asali hachovyi mara moja. Nikamwambia methali hiyo ni ya walioonja asali. Mimi sijaionja bado.

4. Kwa kuwa mwasisi akistaafu hutunzwa, nami nimestaafu kubeti, naomba nitajwe mwasisi mwenza, nilipwe kiinua mgongo, na picha yangu itundikwe mapokezi, juu ya ile ya paka.

Wasalimie wapiga chapa wote, mhasibu, Profesa, na paka mwenyewe. Mke wangu hamsalimii mtu.

Wenu aliyeacha kabisa,
Fundi Cherehani

N.B. Tafadhali barua itoke kabla ya Jumamosi kwisha. Kinyozi jirani yangu anashikilia kuwa hamtaichapisha, ameweka kiti chake cha kunyolea. Mimi nimebashiri mtaichapisha, nimeweka cherehani. Mke wangu bado hajui.