Nyapara wa Mafuta

Jumatatu, 7 Julai 2025

Suruali imenianguka sokoni. Mimi, Thuranira, ambaye tumbo langu lilikuwa linaingia mlangoni kabla yangu! Riungu, jirani yangu, alicheka mpaka akakaa chini. Akatangazia kijiji chote cha Ruiri ati tangu bibi yangu aende Embu kulea mjukuu, mimi nimebaki kofia na koti. Nikamwambia ninapunguza mwili kwa kupenda, kama matajiri. Mama Kawira yuko kwa binti yetu Kawira, mtaa wa Dallas huko huko Embu, tangu mvua ya Aprili. Sijamkumbuka hata kidogo. Nimepika githeri ya mahindi na maharagwe. Haina ladha. Nimempa ng'ombe, na yeye akaangalia kando.

Jumanne, 8 Julai

Mama Kawira anakuja Jumamosi kuniangalia! Akinikuta hivi atajua siwezi kukaa bila yeye. Aibu gani hiyo! Nikampigia Ireri, mume wa Kawira. Kazi yake ni kuchunguza mafuta ya panya kwa maabara. (Kusoma miaka yote hiyo, kwa ajili ya panya!) Nikamuuliza, kwa heshima ya mkwe, mtu hunenepa vipi upesi. Akaeleza ati ndani ya chembe za mafuta kuna protini fulani, inafanya kazi kama nyapara. Ikiamuru, chembe changa zinakua zinakuwa za mafuta kamili, zinaweka akiba. Ikinyamaza, akiba inapungua, mwili unachoma tu.

Nyapara! Si angesema mapema! Mimi nilikuwa nyapara wa wachuma kahawa, na hakuna aliyenishinda. Nyapara ninamjua. Anataka kulishwa kando.

Jumatano, 9 Julai

Nimefikiria sana. Mnyama mwenye nyapara mkali ni kondoo. Mkia mzima mafuta! Nikimeza nyapara wa kondoo, atamsimamia huyu wangu mvivu. Nikaenda kwa Khalifa, mwenye bucha, nikaitisha mkia. Akashangaa. Akasema, "Mzee, hii watu hupelekea mama aliyejifungua. Nani amezaa kwako?" Nikamwambia ni mimi. Nimechemsha. Nimekunywa kikombe kizima, moto moto. Nasikia kazi imeanza tumboni.

Alhamisi, 10 Julai

Ilikuwa kazi nyingine. Nimeshinda chooni.

Ireri alipiga simu, nikamtajia ule mkia. Akasema pole pole, "Baba, hiyo protini hailiwi. Tumbo linaivunja kama nyama ile ingine yote." Ati inasikiliza mwili wenyewe: chakula, usingizi, hata baridi. Na mtu mwenye mawazo mengi halali, hali, anaisha tu. Halafu akauliza kwa nini nisimwambie Mama arudi. Nikamwambia mtandao ni mbaya. Nikakata.

Ijumaa, 11 Julai

Kama nyapara amekataa hongo, tutamzunguka. Masweta! Nimevaa mawili yangu. Hayatoshi. Nikafungua sanduku la Mama Kawira nikatoa lile lake la kijani. Linanuka moshi na sabuni yake. Nimekaa nalo kitandani muda mrefu kidogo. Nilikuwa napima tu.

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja. Mimi mlangoni, masweta matatu chini ya koti, mashavu nimepaka mafuta ya mkia yaliyobaki. Nang'aa! Yeye amebeba begi kubwa, lile aliloenda nalo. Akanizunguka mara mbili. Akasema, "Baba Kawira! Kumbe umenawiri hivi, na mimi huko silali?" Nikamwambia hiyo ni mazoea yangu. Nakula, nalala, sina shida.

Akaweka begi chini. Akasema amekuja na nguo zake zote. Alikuwa ameapa akinikuta nimekonda harudi Embu tena.

Moyo uliruka kama mwanambuzi. Neno lilikuwa hapa hapa kooni. Nikasema, "Nikonde nina nini? Mimi ni mwanaume."

Akasogea, akanirekebisha kola. Kola ya kijani. Alijua ni ya nani. Mkono wake ukakaa hapo. Akauliza taratibu, "Kwa hivyo nirudi kwa mtoto?"

Nikasema mtoto asikose nyanya yake.

Alipika chai, tukainywa. Chai yenyewe! Nikambebea begi mpaka stejini. Zito sana. Gari lilipoenda nilibaki nimesimama pale mpaka mama wa ndizi akaniuliza kama nimepotea.

Jumapili, 13 Julai

Amepiga simu baada ya kanisa kuuliza nimelalaje. Kama gogo, nikasema. Macho yalikuwa hayajafungwa.

Lakini nimeona kosa liko wapi! Nilikuwa namlisha nyapara, kumbe nilipaswa kumfukuza kazi. Ireri mwenyewe alitaja baridi. Kesho naoga mtoni asubuhi na hii baridi ya Julai, nalala bila blanketi, chakula ni chai kavu. Mwezi ukiisha nitakuwa fimbo. Halafu napigwa picha, anatumiwa Embu, anakuja mbio mwenyewe, bila mimi kusema neno!

Nimemweleza Riungu. Ameniuliza kama si rahisi kupiga simu nimwambie arudi. Wengine Mungu hakuwapa kichwa cha sayansi.